Amepooza upande: kisa cha nahodha aliyeshuka sukari

Simu iliingia saa 11:05 jioni, Ramadhani ikiwa katika kumi la mwisho. Aliyepiga ni kijana, anahema: "Babu amepooza upande. Hasemi. Fanyeni hima." Nyumba iko Mkomani, ghorofani. Tulikuwa wahudumu wawili, na mizigo yetu ni machela, mtungi wa oksijeni na mabegi mawili. Mikono haikutosha, kwa hiyo begi la pili tukalikabidhi mwenye boti pale gatini, tukashika njia. Begi hilo nitalirudia.

Nakiandika kisa hiki kwa wenzangu wa huduma za dharura, hasa wanaofanya kazi visiwani. Yanayoweza kumtambulisha mgonjwa nimeyabadilisha. Si kisa cha ajabu, maana sukari kushuka tunakutana nako kila mara. Kilichonikaa rohoni ni lile neno "amepooza". Lilifika chumbani kabla yetu, likafika hospitali kabla ya mgonjwa, na mtaani halijatoka mpaka leo.

Lamu mjini gari la wagonjwa halikufikishi mlangoni. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma. Tunatembea, na mgonjwa tunambeba. Saa ile ya jioni usita wa mui, yaani njia kuu ya mji, ulikuwa umejaa watu wanaonunua mkate wa mofa na vitu vya kufuturia, na mbele yetu punda wa mchanga amesimama tuli kama mwenye nyumba. Nikiwa nimesimama nyuma ya punda huyo, nikafanya jambo nililoliona la maana: nikapiga simu hospitali, nikawaambia wajiandae, tunaleta mgonjwa wa kiharusi. Mgonjwa mwenyewe nilikuwa sijamtia machoni.

Tulifika saa 11:17. Ngazi za nyumba zile za mawe ni kali, zinapinda katikati, na machela haikati ile kona. Tukaiacha chini dakani. Chumbani mlikuwa na watu kumi au zaidi. Bibi wa makamo ameshika kijiko cha asali, anakielekeza mdomoni mwa mgonjwa. Kando yake mzee mwingine amekaa na sahani ya kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani ili zioshwe na kunywewa, zafarani bado mbichi. Mgonjwa amelazwa ulilini, miaka 70 na ushei, macho nusu wazi. Nikisema jina lake anageuza kichwa. Nikimwambia inua mikono, wa kushoto unapanda, wa kulia unadondoka juu ya godoro. Maneno yake ni mkoromo tu.

Tulipima: presha 158 kwa 86, mapigo ya moyo 108, pumzi 20 kwa dakika, oksijeni asilimia 97. Fahamu zilikuwa pungufu. Fulana ilikuwa imelowa jasho mpaka imegandana na mbavu, na shuka chini yake lina alama ya mgongo wake. Ngozi ni baridi. Jasho lile nililiona, nikaligusa kwa mkono wangu, na nikajipa jibu jepesi: chumba kina watu wengi, hewa nzito, mtu amefunga. Hivyo ndivyo neno linavyofanya kazi. Ukiambiwa kiharusi, kila unachokiona unakitafutia kikao ndani ya kiharusi.

La kwanza tulilofanya sawasawa ni kuuzuia ule mkono wenye asali. Mtu asiyeweza kumeza vyema ukimtia kitu mdomoni, kinaweza kwenda mapafuni. Nilimwambia yule bibi, "Mama, ngoja kwanza, asije akapaliwa," naye akarudisha kijiko bila neno. Baadaye niligundua kwamba katika chumba kile yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ugonjwa wenyewe. Alikuwa akiwaambia watu tangu mwanzo, "huyu ni sukari huyu," na hakuna aliyemsikiliza, mimi nikiwamo.

Mwenzangu ndiye aliyeuliza, "Sukari tumempima?" Kipima sukari kilikuwa begini. Vijiti vyake vya kupimia vilikuwa katika begi la pili, gatini. Jinsi vilivyotenganishwa si kisa kirefu: zamu iliyotangulia ilivitumia ikavirudisha mfuko mwingine, na sisi asubuhi tulihesabu vifaa kwa kutazama vifuniko tu. Tukamtuma mjukuu. Kijana alikimbia kwenda na kurudi kwa muda ambao sisi wenye mizigo tusingeuweza, na saa 11:28 tukatoboa kidole. Kioo kikaandika 1.6.

Kwa asiye wa fani: mtu mzima tunamhesabu ameshuka sukari akiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita ya damu, na chini ya 3 hali ni ya hatari. Ubongo hauna ghala la maana la sukari, unategemea inayoletwa na damu saa hiyo hiyo. Ikikauka, mtu anaweza kuchanganyikiwa, kufanya fujo kama mlevi, kupata degedege, au, kama huyu, kulegea upande mmoja sawasawa na aliyepigwa na kiharusi. Mkono ule ule, mdomo ule ule. Kwa macho huwezi kuapa ni kipi. Ndiyo maana kila mafunzo ya dharura yanakariri kwamba mgonjwa anayeonekana ana kiharusi apimwe sukari kwanza, na mimi mwenyewe nimewafundisha hivyo wanaoanza kazi. Dakika kumi na moja zilipita tangu tuingie chumbani mpaka tulipopima. Kama mjukuu asingekuwa mwepesi wa miguu, tungeanza kumteremsha ngazini kwa nia ya kumvusha Mokowe, ng'ambo ya bara, na kutoka hapo ni barabara ya zaidi ya kilomita 200 hadi Malindi. Sukari ya 1.6 haisubiri Malindi.

Tulitia kanula, kijimpira cha mshipani, mkono wa kushoto. Tulichokuwa nacho ni dekstrosi, yaani maji ya sukari, ya asilimia 50, na mimi siipendi kuisukuma hivyo hivyo: ni nzito, inachoma mshipa, na ikivuja nje inaweza kuua nyama ya mkono. Tukamwaga mililita 300 kutoka mfuko wa nusu lita wa maji ya chumvi, katika 200 zilizobaki tukaongeza 50 za dekstrosi, tukapata mfuko wa asilimia 10 wenye gramu 25 za sukari. Dakika mbili zaidi za kazi, lakini mshipa unasalimika na sukari haipandi kwa kishindo. Saa 11:33 dripu ikaanza. Kabla mfuko haujafika nusu, mkono wa kulia ulijivuta wenyewe, ukaja kujikuna kidevuni. Watu chumbani walipiga takbiri. Saa 11:52 kipimo kilisoma 7.4, mzee amefumbua macho, anautazama ule mpira wa dripu.

"Hii ni nini?"

"Maji ya sukari, Babu. Sukari yako ilikuwa imeshuka sana."

Alinyamaza akihesabu. "Mumenivunda saumu yangu. Magharibi i hapo."

Kwa wengi wetu kazi ingeishia pale. Ukweli ni kwamba hadi hapo tulikuwa tumefanya nusu rahisi.

Binti yake mkubwa alileta kikopo cha dawa. Ndani mlikuwa na glibenklamidi, dawa ya kisukari. Kwa kawaida mzee humeza kidonge asubuhi na kingine jioni. Ramadhani ilipoingia aliona mchana hali, basi vyote viwili akavihamishia daku. Na daku ya siku ile ilikuwa tende mbili na kikombe cha chai ya rangi, maana usingizi ulimzidi. Glibenklamidi hulazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hakuna chakula, na nguvu yake inaweza kudumu saa 24. Kwa mzee ambaye figo zimechoka hukaa zaidi. Kwa hiyo 7.4 ile haikuwa kupona. Tulimwazima sukari, na dawa iliyomshusha bado imo mwilini. Mgonjwa wa dawa za namna hii haachwi nyumbani. Hulazwa, akapimwa kila baada ya muda mpaka siku ipite.

Nikamweleza hivyo. Akasema hendi popote.

Hapa pana suala la kitaaluma ambalo nimeona likifanywa vibaya kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutoa fomu ya kukataa huduma, mgonjwa akaweka sahihi, mhudumu akaondoka na roho safi. Ya pili ni kumsikiliza jamaa mwenye sauti kubwa. Sisi tulikuwa na zote mbili mezani: fomu iko begini, na mwana mkubwa yuko kwenye simu kutoka Mombasa, amewekwa kwenye spika, anasema, "Mchukueni hata kwa nguvu, mimi ndiye mwanawe, nawapa ruhusa." Ruhusa hiyo si yake kutoa, baba akiwa na akili timamu. Katiba ya Kenya, ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Haisemi abebwe kwa nguvu. Na Sheria ya Afya ya 2017 inamtambua mgonjwa kuwa na haki ya kukataa, ila inatudai sisi tumweleze hatari za kukataa kwake kwa lugha anayoielewa.

Swali basi likawa hili: ana akili timamu? Saa 11:55 nilimuuliza mimi nani. Akaniita kwa jina la nduguye, na mkewe akasema kwa sauti ya chini, "Huyo amekufa miaka mingi." Kukataa kwa mtu aliye katika hali hiyo si kukataa. Sahihi yake wakati ule ingekuwa wino tu. Ubongo uliokaa njaa hauamki wote kwa pamoja, na nadhani wengi tunaharakisha fomu kwa sababu mgonjwa anaongea, tukadhani kuongea ndiyo fahamu. Tulingoja. Saa 12:15 nikarudia. Alijua siku, akajua yupo wapi, akanirudishia kwa maneno yake: kwamba vidonge bado vimo mwilini, kwamba sukari inaweza kushuka tena usiku akiwa usingizini, kwamba anaweza kufa. Kisha akasema, "Nimekusikia, mwanangu. Siendi." Hapo tena palikuwa na mtu mzima anayejua anachosema.

Nilidhani ni saumu. Nikamkumbusha aliyoyajua kuliko mimi, kwamba Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, inampa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Akaniitikia kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma. Haikuwa hilo. Ikabidi tuombe chumba kitoke watu, jambo ambalo tulipaswa kulifanya saa nzima nyuma. Walipobaki mkewe na mimi, nikamuuliza, "Babu, ni nini hasa?"

Mzee huyu alikuwa nahodha. Miaka arubaini ameendesha majahazi. Alisema barazani pale chini, saa hii wamekaa wanaume wote wa mtaa wakingoja adhana, na hatapitishwa mbele yao amelala juu ya machela kama maiti. Basi. Dini, dawa, hospitali, hakuna hata kimoja alichokuwa na ugomvi nacho. Na kama nisingeuliza, ningeandika "mgonjwa amekataa kwa sababu za kidini," na fomu ingekubali.

Tukapatana. Atafuturu nyumbani. Mimi nitabaki naye na kipima sukari, kanula haitoki. Baada ya swala tutapima, na ikiwa inashuka, atakuja kwa miguu yake kwa kichochoro cha nyuma, gizani. Mwenzangu hakulipenda na alikuwa na haki. Kumweka mhudumu mmoja saa nzima kwenye nyumba moja ni kuwanyima wengine, na boti ilibaki na mtu mmoja wa afya. Aliniambia mbele ya ngazi, "Ukipata simu nyingine utasemaje?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimpigia msimamizi, nikamweleza, akakubali kwa shingo upande, nikaandika saa ya simu ile. Wenzangu wengine niliowahadithia wamegawanyika mpaka sasa, na siwalaumu.

Adhana ikaadhiniwa. Alifuturu tende tatu, uji nusu kikombe, na kipande cha mkate wa mofa alichokizungusha mkononi zaidi ya kukila. Halafu akaiomba sahani ya kombe, akanywa yote. Ni maji na zafarani, na yeye anameza vizuri, kwa hiyo sikuwa na la kusema. Akasali ameketi.

Saa 1:20 usiku nikatoboa kidole. Yeye mwenyewe anaongea vizuri, ananieleza jinsi walivyokuwa wakipita mlango wa bahari wa Mkanda kwa maji ya bamvua. Hana jasho, hatetemeki, hana lolote. Kioo kikatulia, nikamgeuzia akione.

"Pima ngapi?" akauliza, kama anayemuuliza mshika bildi, yule mpima kina chomboni.

"Tatu na nukta mbili."

"Na ile ya kwanza baada ya maji yenu?"

"Saba na nukta nne."

Akakitazama kioo tena. "Mai yakupwa," akasema. "Twendeni."

Nimelifikiria mara nyingi. Nilimpa maelezo ya dakika ishirini, ya ini, figo na kongosho, na yote aliyaelewa, bado akakataa. Alichohitaji ni kuona kina mara mbili kwa macho yake, maana ndivyo alivyoishi: hakuna nahodha anayeingia mlango wa bahari kwa kuhadithiwa. Na angalia jambo la hatari zaidi: mwili wake haukumwonya. Wazee wenye kisukari cha muda mrefu wengi hupoteza ile ishara ya jasho na kutetemeka. Angelala usiku ule akijiona mzima.

Tukaanza dekstrosi ya pili. Alishuka ngazi mwenyewe, mwenzangu mbele akitembea kinyumenyume, mimi nyuma nimeshika kikoi kiunoni mwake, mjukuu ameinua mfuko wa dripu juu ya vichwa vyetu kama taa. Saa 1:50 tulikuwa hospitali.

Na huko lile neno lilikuwa likitungoja. Muuguzi wa zamu alikuwa na karatasi tayari, imeandikwa "kiharusi," saa 11:14. Ni simu yangu ya nyuma ya punda. Kitanda kimetengwa, na daktari alishaanza kuuliza habari za kumsafirisha Mombasa kwa picha ya kichwa. Nilikabidhi kwa mdomo: vipimo vya sukari na saa zake, dawa na jinsi alivyoimeza, mkono uliorudi. Muuguzi akasikiliza, akaandika "sukari kushuka" chini yake, na la juu akalikata kwa mstari mmoja. Usiku wa manane, zamu ilipobadilika, aliyeingia alisoma la juu. Ilibidi nipigiwe simu nyumbani kueleza upya. Siwezi kumlaumu mtu. Mimi ndiye niliyelipeleka.

Kuhusu taarifa yangu ya maandishi: rasimu ya kwanza niliandika "sukari ilipimwa baada ya mgonjwa kufikiwa." Sentensi hiyo si ya uongo, ndiyo ubaya wake. Niliichana, nikaandika kufika 11:17, kupimwa 11:28, na sababu ni vijiti kuwa katika begi lingine. Msimamizi hakufurahi. Juma lililofuata vijiti vikaanza kufungwa pamoja na kipima kwa mpira, kitu ambacho kisingetokea kama ningeiacha ile sentensi laini.

Alilazwa siku mbili. Sukari ilishuka mara moja zaidi usiku wa kwanza, saa nane, ikainuliwa. Kipimo cha figo hakikuwa kizuri, na glibenklamidi ikaondolewa. Mtu wa kisukari anatakiwa akutane na mhudumu wake wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ili dozi na saa zake zipangwe upya, na dawa kama hii mara nyingi hubadilishwa kabisa; huyu alihudhuria kliniki mwezi wa Shaaban na hakuulizwa kama atafunga. Vile vile hakuna aliyemwambia kwamba kutoboa kidole kupima hakuharibu saumu. Mwongozo wa kisukari na Ramadhani wa Shirikisho la Kisukari la Kimataifa, toleo la 2021, unasema afungue mara moja akishuka chini ya 3.9 au akipanda zaidi ya 16.6. Namba hizo mbili tu zingetosha kubandikwa ukutani karibu na saa ya swala.

Nilipita Mkomani baada ya Idi. Barazani nikasikia kisa kikisimuliwa kwa mgeni, nikasimama kidogo kukisikiliza: nahodha alipooza upande wa kulia, akanywa kombe, na usiku ule ule akashuka ngazi kwa miguu yake. Nahodha mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, ananitazama, hasemi kitu. Kisha akasogea kunipa nafasi ya kukaa.